Kabla ya kulipia kozi ya kutengeneza tovuti, uliza itakula bando kiasi gani

Mwezi wa tatu nililipa shilingi 8,500 kwa kozi ya mwalimu mmoja wa mtandaoni ambaye simtaji. Masomo yote ni video. Nikakaa chumbani kwangu Manyatta, hapa Kisumu, nikawasha hotspoti ya simu. Dakika arobaini mwalimu anatueleza historia ya intaneti, na kabla hajafika kwenye HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, bando likaisha. Kitufe cha kupakua hakipo. Nikitaka kurudia kipande kilichonipita, ninunue bando upya. Niliachia somo la tisa, nikiwa nimenunua bando mara kumi na nne.

Kwa hivyo cheti na nyota za wanafunzi mtajionea wenyewe. Mimi nauliza jambo moja tu: stima ikipotea na bando likiisha, bado unaweza kuendelea?

Kozi ya kwanza kwangu ni The Odin Project, na sifichi kwamba naipendelea. Ni bure, na masomo mengi ni maandishi, kwa hivyo ukurasa unafunguka hata mtandao ukiwa mzito. Tena msimbo (code) hauandikwi kwenye tovuti yao. Unaweka VS Code, programu ya kuandikia msimbo, na Git, ya kutunza kila toleo la kazi, kwenye laptopu yako, na kazi yote inabaki kwako. Zoezi la mwanzo ni tovuti ya mapishi. Mimi niliandika omena wa kukaanga kwa nyanya. Usiku mmoja mtaa wote giza, laptopu imebaki na asilimia 30, bando sifuri, nikafungua faili yangu kwenye kivinjari: omena hao hapo. Nikabadilisha rangi ya kichwa kwa CSS, lugha ya kupamba ukurasa, nikahifadhi, nikafungua upya, kikawa chekundu. Nilicheka peke yangu. Kasoro yake ni kwamba hawakubali Windows hivi hivi. Wanataka Linux, Mac, au WSL2, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows. Kuiweka hiyo WSL2 kulinimalizia Jumamosi nzima.

Ya pili ni freeCodeCamp, bure pia, iko tangu 2014. Bando haili sana, ila unaandikia ndani ya ukurasa wao, na mtandao ukikatika unabaki kama abiria aliyeachwa na matatu. Anza nayo kama hujawahi kugusa HTML, kisha hamia Odin.

Udemy ni video, lakini kwa kozi nyingi programu yao ya simu inakuruhusu kupakua. Ukipata Wi-Fi ya rafiki, jaza simu. Usilipe bei kamili hata siku moja, ofa zao haziishi.

Coursera nimeiweka nyuma kwa sababu vyeti vyao vya kazi unalipia kila mwezi, na mwezi haukungoji stima irudi.

Zile za shilingi 500 za WhatsApp? PDF. Pita.

Kinachoniudhi zaidi ni wauzaji wetu. Bei ya kozi wanaipigia tarumbeta, uzito wa video hawautaji, na juu ya ukurasa wanaweka saa inayorudi nyuma: ofa inaisha baada ya dakika 15! Ndiyo iliyonitia presha nikalipa. Juzi nilirudi pale nikaufungua ukurasa upya. Saa ikaanza tena dakika 15. Siku hizi hata mimi naweza kuiandika. Ni mistari michache ya JavaScript, lugha inayofanya vitu vya ukurasa vitende kazi, na haijui hata leo ni tarehe ngapi.