GhostPCL ndani ya Java: uzoefu wangu na faili za foleni ya printa

Mama mmoja mwenye duka la uchapishaji Nasser Road, hapa Kampala, aliniita kwa sababu karatasi zilikuwa zinaisha na pesa haziendani nazo. "Kijana wangu, kila kinachotoka kwenye ile mashine nataka nibaki na nakala yake." Programu nimeiandika kwa Java, lakini kazi ngumu imefanywa na GhostPCL, programu inayosoma PCL (lugha ya kuielezea printa kurasa) na kuigeuza PDF, na ninaisifu kwa moyo wote.

Windows huweka kazi za printa kwenye C:\Windows\System32\spool\PRINTERS. Kila kazi ina faili mbili: SHD yenye maelezo kama jina la waraka na aliyeutuma, na SPL yenye kurasa zenyewe. Kazi ikishachapwa hufutwa, kwa hiyo kwanza niliiwekea printa mpangilio wa kuhifadhi nyaraka zilizochapwa.

Nilianza na kibadilishi kimoja cha kulipia. Kilinitolea PDF tupu, bila ujumbe wowote wa kosa, na pesa yangu ikaenda hivyo hivyo. Iliniuma. Basi nikaifungua SPL na kuisoma baiti kwa baiti: 1B 25 2D 31 32 33 34 35 58, halafu maneno @PJL, yaani amri za kuiongoza printa. Usikimbilie kusema hiyo ni PCL, maana PJL hutangulia PostScript, lugha nyingine ya kurasa, vilevile. Teremka hadi kwenye ENTER LANGUAGE, ndipo utaambiwa lugha ya kurasa. Yangu ilikuwa PCL.

Kosa lililonilia siku mbili lilikuwa langu. Niliisoma faili kama String, yaani maandishi, ili niondoe mistari ya PJL, kisha nikaiandika upya. Maandishi yakatoka, picha zikaharibika. Kwenye faili mpya EF BF BD ilijirudia kila mahali: kila baiti ambayo UTF-8, mfumo wa kuandika herufi kwa baiti, haikuitambua, Java ilikuwa imeibadilisha. Tangu hapo nashika byte[], yaani baiti zenyewe, mwanzo hadi mwisho, na PJL siiondoi tena, GhostPCL inaielewa yenyewe.

GhostPCL naiita kwa ProcessBuilder, njia ya Java ya kuendesha programu nyingine, nikiipa -sDEVICE=pdfwrite na jina la PDF ninayotaka. Hakikisha Java inasoma yote yanayotoka kwenye programu hiyo, la sivyo bafa (hifadhi ya muda) ikijaa kila kitu kinasimama kimya. Kazi za EMF, muundo wa Windows wenyewe, haizisomi, kwa hiyo kwenye printa nilichagua RAW, yaani kurasa zikiwa tayari kwa lugha ya printa. Leseni yake ni AGPL, leseni huria inayotaka msimbo ubaki wazi. Ukitaka kuuza programu yako bila kufungua msimbo, utalazimika kununua leseni ya biashara.

Sasa jioni Mama anafungua folda ya siku hiyo na kulinganisha kurasa na daftari la risiti. Nilichomsisitizia ni kufuta nakala kila baada ya siku 7, kwa sababu mle ndani mna vyeti vya watu na mikataba ya viwanja, na wateja wenyewe tumewabandikia tangazo mlangoni.