KrF ya Norwei: nyota nne kutoka kwa mama aliyepiga kura ya bunge kwa mara ya kwanza

Agosti 2025, hapa Kristiansand, nilisimama kwenye kibanda cha Kristelig Folkeparti, KrF, chama cha siasa cha Kikristo cha Norwei, mtaa wa Markens. Wakati wa kampeni kila chama hutafuta pa kugawia kahawa. Hawa walikuwa na vafler za moto, zile keki nyembamba zenye umbo la moyo. Mimi nilifuata jibu: kura yangu ya kwanza ya bunge niwape wao? Mwaka 2023 nilipiga ya manispaa tu, ambayo hata mgeni aliyekaa miaka 3 anaruhusiwa.

Mama wa makamo aliyenipokea hakuanza na kipeperushi. Aliniuliza mwanangu ana umri gani, akanivutia kiti.

Kazi yao ninayoijua kwa kuitumia ni posho ya malezi, kontantstøtte. Ilianza 1998 chini ya serikali ya Kjell Magne Bondevik, mchungaji aliyekuwa waziri mkuu kupitia chama hiki. Hupewa wazazi ambao mtoto wao mdogo hajaingia chekechea ya ruzuku. Mwanzoni mwa 2024 tuliipokea miezi minne, kroni 7,500 kwa mwezi. Mwanangu alianza kutembea nikimwona kwa macho yangu, na maji ameyaomba kwa Kiswahili kabla ya kuyajua kwa Kinorwei. Kwa hilo nawashukuru sana.

Ila hela hiyo hailipi kodi ya nyumba. Inamfaa mwenye mwenza anayeleta mshahara. Mama anayelea peke yake atarudi kazini tu. Ndugu mliofika juzi msiihesabu kwanza, maana wazazi wote wawili sharti wawe na miaka 5 katika bima ya taifa. Na tangu Agosti 2024 ni ya mtoto wa miezi 13 hadi 19 tu. Nilimweleza yule mama wa kibandani yote haya, naye akaandika daftarini.

Kilichonivuta hasa ni jambo la zamani. Mwaka uleule wa 1998, Bondevik akiwa madarakani, alitangaza hadharani kwamba ana sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, akachukua likizo ya ugonjwa, akapona, akarudi ofisini. Nahudumia wazee, najua watu wanavyoificha hali hiyo hadi inawalaza. Chama kilichotoa kiongozi wa namna hiyo nakiheshimu. (Na Hilde Frafjord Johnson, waziri wao wa zamani wa misaada ya maendeleo, alizaliwa Arusha!)

Udhaifu wao ni kugawanyika. Mwaka 2018 mwenyekiti Knut Arild Hareide alitaka washirikiane na vyama vya mrengo wa kushoto, wajumbe wakachagua vya kulia, na baadaye akaachia uongozi. Uchaguzi wa 2021 wakaambulia asilimia 3.8 na viti 3.

Septemba 8 niliwapa kura. Walipata asilimia 4.2 na viti 7, kwa kuwa chama kinachovuka asilimia 4 huingia kwenye mgao wa viti vya kusawazisha, yaani viti vya ziada vya kufanya idadi ya wabunge ilingane zaidi na kura. Nyota ya tano nitawapa siku posho ile itakapomtosha mama anayelea peke yake.