Taijiquan: kwa mwalimu au kwa video?
Mfululizo wa taijiquan (sanaa ya Kichina ya kujihami inayofanywa polepole) wenye miondoko 24, uliotungwa nchini China mwaka 1956 kutokana na mtindo wa Yang, unaweza kufuatwa kwa video, kwa kuwa ni mfupi na jicho hushika upesi mkono na mguu vinakokwenda. Gharama yake pia ni ndogo. Mwalimu, kama wale wa kijiji cha Chenjiagou mkoani Henan, ambako Yang Luchan, mwanzilishi wa mtindo huo wa Yang, alifundishwa na Chen Changxing, hulishusha bega lililokaza, kisha humsukuma mwanafunzi taratibu katika zoezi la tuishou, ili ahisi mwenyewe mahali nguvu inapokatika kati ya unyayo na kiganja. Hilo, naamini kabisa, kioo cha simu hakiwezi kulionyesha. Goti linalopinda vibaya nalo huhitaji jicho la mwalimu, hata mara moja tu kwa wiki.