Dupleksa ndogo ya ripita: VHF ilinikatalia, UHF imekubali

Ukitaka kununua dupleksa hizi ndogo za vyumba sita, yaani kichujio kinachoziwezesha redio ya kurusha na ya kupokea kutumia antena moja, uliza kwanza masafa yako mawili (frikwensi ya kupokea na ya kurusha) yameachana kiasi gani. Mimi niliangalia bei, nikalipa mara mbili.

Mwanza na milima yake ya mawe inaficha mawimbi. Ukiwa Igoma na redio koli ya wati 5, aliye Kirumba humpati. Ndiyo maana mimi na wenzangu watatu, wote tuna leseni ya redio za ridhaa, zile za kupenda tu, si za biashara, tukafunga ripita kwenye nyumba ya mmoja wetu, juu kabisa Isamilo. Ripita inakusikiliza kwenye masafa haya na papo hapo inarusha sauti yako kwenye masafa yale, kwa nguvu zaidi. Yetu ni redio mbili za gari, kisanduku cha kuziunganisha, betri ya volti 12 na antena moja. Kazi iko hapo kwenye antena moja: redio ya kurusha inapiga kelele za wati 25 sikioni mwa redio ya kupokea, ambayo inatafuta mnong'ono. Dupleksa ndiyo inayozitenganisha.

Dupleksa ya kwanza ilikuwa ya bendi ya VHF. Kule redio za ridhaa tuna 144 hadi 146 MHz, na ripita kwa kawaida huachanisha masafa kwa 600 kHz tu, yaani megahezi 0.6. Muuzaji aliniambia inafaa ripita yoyote. Tukawasha. Ukiita kutoka jirani, safi. Ukishuka Kirumba, inafunguka, inakata, inafunguka, inakata, kama injini ya mtumbwi yenye maji kwenye mafuta. Nililaumu antena, nikabadili waya, nikamaliza wikiendi mbili juu ya paa. Siku tuliyopunguza nguvu hadi wati 5, mtu wa mbali akasikika bila kukatika, nikaelewa: ripita ilikuwa inajiziba masikio yenyewe. Vyumba vidogo hivi vinahitaji masafa yaachane kama megahezi 5. Kwa 600 kHz unatakiwa uwe na mapipa marefu, mazito, ya bei kubwa. Nilimwandikia muuzaji mara mbili, hakujibu. Imeniuma, maana fedha ile tulichanga.

Tukahamia bendi ya juu zaidi, UHF, 430 hadi 440 MHz, tukaachanisha 5 MHz. Dupleksa ya pili umbo ni lilelile, ila niliiagiza nikitaja masafa yote mawili, ikaja imeshasetiwa. Niliipima kwa nanoVNA, kipimo kidogo cha antena na vichujio, na sikugusa skrubu hata moja. Nawe usiziguse kama huna kipimo. Zikiingia wati 25 zinatoka kama 18, hilo nimelikubali. Waya wa antena wa RG-58 tuliutoa, maana nguvu ya UHF inapotelea humo, tukavuta RG-213, ulio mnene zaidi. Tukaweka na toni ya 88.5 Hz, ambayo redio inayoita lazima iitume, ili ripita isifunguke ovyo kwa kelele za mjini.

Wiki iliyopita niliita nikiwa kwenye kivuko cha Kamanga, katikati ya maji, redio mkononi. Mwenzangu wa Igoma akaitika kwa sauti safi, nikatamani abiria wote wasikie. Nyuma ya mawe ya Capri Point bado kuna mahali sauti inapotea, lakini hiyo si kesi ya dupleksa. Ya UHF naipa nyota nne. Ya VHF ipo kabatini, na mtu akija kuiulizia kwa ajili ya ripita ya 600 kHz simuuzii.