Seti ya kuandikia hati za Kichina: brashi safi, karatasi ya kubahatisha

Boksi hizi nyekundu zinazouzwa katikati ya jiji la Nairobi hubeba vile Wachina wanavyoviita hazina nne za chumba cha msomi: brashi, wino, karatasi na jiwe la kusagia wino.

Brashi ndiyo inayostahili pesa zako. Ni mchanganyiko: manyoya magumu ya kicheche katikati, laini ya mbuzi kwa nje. Anayeanza ataimudu kuliko ya mbuzi tupu, ambayo hulegea mkononi. Huja imekakamaa kwa gundi. Iloweke kwenye maji ya vuguvugu kama dakika 10. Ukiibonyeza ikiwa kavu, manyoya yatakatika.

Jiwe ni dogo ila linasaga. Tia nusu kijiko cha chai cha maji, shika kijiti cha wino wima, zungusha polepole dakika 10 hadi 15. Ukikandamiza, chembe hubaki kubwa na wino hukwaruza. Usikiache kijiti juu ya jiwe: ni masizi na gundi ya wanyama, kitagandamana na jiwe.

Karatasi sasa. Boksi linasema Xuan, karatasi ya jadi ya hati za Kichina, lakini Xuan halisi ya Jingxian, mkoani Anhui, China, hutengenezwa kwa maganda ya mti wa qingtan na mabua ya mpunga. Hii inanyonya kama tishu. Herufi 永, inayopendwa kwa mazoezi kwa kuwa ina mistari minane ya msingi ya brashi, inageuka doa. Gazeti la jana linafaa zaidi, kweli.

Ukimaliza, osha brashi kwa maji baridi, uitundike ncha ikitazama chini.