Google Earth Pro kwa anayefuatilia njia ya mwisho ya MH370

Ukitaka kuipima mwenyewe safari ya mwisho ya MH370, ndege ya Malaysia Airlines iliyotoweka, anza na Google Earth Pro ya kompyuta, programu ya ramani na picha za dunia. Imekuwa ya bure tangu 2015. Kwa kazi hii naipa nyota nne kati ya tano.

Ndege ile, Boeing 777 yenye watu 239, iliondoka Kuala Lumpur kuelekea Beijing usiku wa tarehe 8 Machi 2014. Rada ya jeshi iliiona mara ya mwisho saa 8:22 usiku, kaskazini-magharibi mwa Penang. Baada ya hapo tumebakiwa na mawasiliano mafupi kati yake na satelaiti ya Inmarsat, hadi saa 2:19 asubuhi. Muda wa ishara kwenda na kurudi unatuambia ndege ilikuwa mbali kiasi gani na satelaiti, hautuambii ilikuwa upande gani. Ndiyo maana tunachora matao, yaani vipande vya duara vyenye umbali huo kutoka chini ya satelaiti, na tao la saba ndilo la mwisho.

Kwa matao hayo rula ya programu hii haina mpinzani. Chagua duara, weka kitovu chini ya satelaiti, kwenye ikweta, longitudo 64.5 mashariki, kisha vuta hadi karibu kilomita 5,000. Hilo ni tao la saba kwa makadirio. Ukitaka usahihi zaidi, sogeza kitovu kwa kila tao, maana satelaiti yenyewe ilikuwa ikiyumba kidogo kaskazini na kusini.

Kisha pima umbali kutoka pale rada ilipoipoteza hadi kwenye tao, na ugawanye kwa saa. Hapa nadharia nyingi huanguka zenyewe. Anayedai ndege ilinyoosha moja kwa moja hadi kusini mwa Java aangalie rula: umbali haufiki kilomita 3,000, ilhali ndege ilikaa hewani karibu saa sita baada ya rada kuipoteza. Lazima aeleze muda uliobaki ilikuwa ikizunguka wapi.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya ule mstari wake. Huchora njia fupi kuliko zote juu ya tufe, basi. Haujui upepo, wala haujui rubani wa kompyuta anayeshikilia mwelekeo mmoja wa dira, na kwa safari ndefu ya kusini tofauti hiyo huhamisha mwisho wa njia mbali sana kwenye tao. Mstari mwembamba, msafi, humfanya mtu aamini ameipata ndege. Nimeona watu makini wakinaswa hapo, na inaniuma, kwa sababu kuna familia zinazosoma kila dai jipya.

Kutafuta mabaki kwa macho kwenye picha zake, usijaribu. Mwaka 2018 kuna aliyedai kuiona msituni Kambodia. Ndege inayopita angani wakati picha inapigwa huonekana kama imelala chini. Na sakafu ya bahari? Mwinuko mkubwa wa Broken Ridge chini ya bahari unauona vizuri, lakini kitu chenye ukubwa wa ndege, hapana. Australia na wenzake walipitisha sonari, kifaa cha kutafuta kwa sauti, kwenye kilomita za mraba 120,000, kampuni ya Ocean Infinity wakaongeza zaidi ya 112,000 mwaka 2018, na bado hawakuipata.

Wakiongeza mstari wa mwelekeo usiobadilika na sehemu ya kuingiza upepo wa kila urefu, nyota ya tano nitaitoa siku hiyo hiyo.