Huduma ya kumfuatilia mgonjwa baada ya kujaribu kujiua, nawapa nyota nne
Dada yangu alivyotoka hospitali walikuwa wanampigia wenyewe, hawasubiri apige yeye, na hilo ndo kubwa maana wiki za kwanza mtu akisharuhusiwa ndo hatari zaidi. Nesi alikaa naye wakaandika mpango wa usalama, dalili gani zikianza ajue hayuko sawa, afanye nini, ampigie nani, na sisi nyumbani tukaambiwa dawa zote tuzifungie. Hakuna aliyemwambia eti anatafuta kiki, jamani hilo tu! Mshauri alimuuliza wazi kabisa kama mawazo yale yamerudi, mi nikashtuka, ila kumbe kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Nyota moja nimekata sababu usiku simu hawapokei, na usiku ndo kasheshe yenyewe.